Mama, goti na treni ya kasi: Siku tisa kati ya Tokyo, Kyoto na Hiroshima

Mama yangu alifundisha historia sekondari mjini Morogoro kwa miaka 34. Kila mwaka alipofika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliandika jina la mji mmoja ubaoni kwa herufi kubwa, kisha akauliza darasa: nani anajua uko wapi? Mji huo ni Hiroshima. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Mombasa, tena kwa ajili ya msiba.

Alipostaafu na mafao yake kutoka, ndugu walikaa kikao sebuleni kwetu. Mjomba alikuwa na hoja moja tu: nyumba haina uzio. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akammiminia chai, akasema, "Uzio utanisubiri, kaka. Goti halinisubiri."

Goti lenyewe ni la kushoto, limesagika. Ukijumlisha na presha ambayo amekuwa akiitibu kwa miaka 11, utaelewa kwa nini mimi, mwanawe ninayeandika habari za afya, nilipewa jukumu la kumsindikiza. Baba hayupo tena, na wadogo zangu bado wanasoma. Ndege haikunitia hofu sana. Nilichoogopa ni siku tisa za kupanda na kushuka treni katika nchi ambayo sisi sote wawili hatujui kusoma hata kibao cha choo.

Kwa sababu wasomaji wengi huniuliza kuhusu dawa na safari, niliseme hili mapema. Japani ni wakali kwa dawa kuliko nchi nyingi. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia, na zenye kodeini zaidi ya asilimia 1 nazo hazipiti hivi hivi. Hizo ni dawa ambazo baadhi yetu hubeba kwenye mkoba bila kufikiri. Vidonge vya kawaida vya presha au sukari unaweza kuingia navyo vya kukutosha mwezi mmoja bila kibali maalumu. Daktari wa mama alituandikia barua yenye majina halisi ya dawa, si majina ya viwanda, pamoja na vipimo vyake. Barua hiyo niliiweka kwenye pochi yangu pamoja na pasipoti. Vidonge vyote niliviweka kwenye begi moja dogo la bluu. Kumbukeni begi hilo.

Tulipitia Doha. Kila baada ya saa moja na nusu nilimwamsha mama atembee kati ya viti ili damu isigande miguuni. Mara ya nne alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wanaochelewa paredi. "Mimi ni mama yako," alisema, "si mgonjwa wako." Maneno hayo nilikuja kuyasikia tena na tena.

Tokyo: jiji ndani ya duara

Anayefika Tokyo mara ya kwanza hupewa ramani ya reli inayofanana na sahani ya tambi. Tulipona kwa kushika njia moja tu, Yamanote. Ni reli ya duara yenye urefu wa kilomita 34.5 na stesheni 30, na treni zake hupita kila baada ya dakika chache. Ukipotea, kaa tu: baada ya saa moja hivi utarudi ulipoanzia. Kadi ya kugusisha kwenye geti, Suica, ndiyo tiketi yako ya treni na mabasi, na hata maji ya dukani unaweza kuyalipia kwayo.

Tulikosea siku ya kwanza kwa kwenda Shinjuku saa 2 asubuhi. Ndiyo stesheni inayotajwa kuwa na abiria wengi kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 3 kwa siku, na nadhani nusu yao tulikutana nao. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyemsukuma mama kwa makusudi, lakini mkondo wa watu ulikuwa unakubeba upende usipende. Siku iliyofuata tulisubiri hadi saa 4. Wanawake wanaosafiri asubuhi wajue pia kwamba treni nyingi za Tokyo zina behewa la wanawake pekee katika saa za msongamano. Liliwekwa kwa sababu wanaume walikuwa wakiwapapasa wanawake katika ule msongamano. Nchi yenye nidhamu ya namna hii nayo ina aibu zake, na angalau hii wameiandika kwenye vioo vya treni badala ya kuificha.

Mahali pa zamani pa Tokyo tulipaona Asakusa, kwenye hekalu la Sensoji, ambalo chimbuko lake ni karne ya 7. Majengo makuu yaliyopo ni mapya, kwa sababu usiku wa kuamkia Machi 10, 1945 ndege za Marekani ziliuchoma mji huu na kuua watu wapatao 100,000. Mama alilijua hilo. Alisimama chini ya taa kubwa nyekundu ya langoni, akasema watu hukumbuka mabomu mawili na kusahau moto wa Tokyo. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni hakuelewa maneno lakini aliinamisha kichwa, labda kwa sababu ya sauti. Mama ana sauti ya ubaoni.

Hata hivyo, pale ambapo safari yetu ilibadilika hapamo kwenye orodha za watalii wengi. Panaitwa Sugamo, stesheni mojawapo ya Yamanote. Kuna mtaa wa maduka ambao wazee wameufanya wao: bei zimeandikwa kwa herufi kubwa na barabara ni tambarare. Unauzwa chai, peremende, na chupi nyekundu zinazoaminika kuleta afya. Katika hekalu la mtaa huo ipo sanamu ya mawe ambayo wazee huiosha kwa kitambaa pale ambapo wao wenyewe panauma. Mwenye mgongo anaosha mgongo, mwenye macho anaosha macho. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi waliinama magotini.

Mama hakuosha sanamu. Ana dini yake. Alichofanya ni kuhesabu bakora. Alihesabu hadi 30, za maua, za kukunja, moja ya rangi ya zambarau mkononi mwa bibi aliyevaa kofia safi kuliko za harusini. Nyumbani nilikuwa nimembembeleza miezi minne ashike bakora akakataa, akisema bakora ni tangazo. Hapa, katika nchi ambayo karibu watu watatu kati ya kumi wametimiza miaka 65, aliingia dukani bila kuniambia na kutoka na ya kukunja, ya bluu yenye maua meupe. Sikusema kitu. Kuna nyakati mwandishi wa afya anatakiwa afunge mdomo.

Begi la bluu

Treni ya kasi, shinkansen, ilianza kazi Oktoba 1, 1964, siku tisa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ikienda kilomita 210 kwa saa. Sehemu ya fedha za ujenzi ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 80. Mama hilo alilipenda kuliko mwendo wenyewe: Japani nayo iliwahi kukopa reli. Leo njia hiyo ya Tokyo hadi Osaka ina treni za kilomita 285 kwa saa. Tokyo hadi Kyoto, umbali unaokaribiana na wa Dar es Salaam hadi Dodoma, ni saa 2 na dakika 15 hivi, ilhali SGR yetu hutumia saa tatu na zaidi. Tangu 1964 hakuna abiria aliyekufa kwa treni hizo kugongana au kuacha reli.

Kuhusu fedha, wengi husikia habari ya pasi ya reli ya watalii. Oktoba 2023 bei ya pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwa njia yetu, yaani Tokyo, Kyoto, Hiroshima na kurudi Tokyo, tiketi za moja moja zilikuwa nafuu kidogo, na zilituruhusu kupanda Nozomi, treni ya haraka zaidi, ambayo mwenye pasi huilipia nyongeza. Fanyeni hesabu kabla ya kununua. Masanduku makubwa tuliyatanguliza hotelini kwa huduma ya mizigo, maana goti bovu na sanduku la kilo 20 havipandi ngazi pamoja.

Pale stesheni ya Tokyo tulifika mapema kuona wafanyakazi wa usafi. Treni inayofika na kugeuza husafishwa kwa dakika saba: wanafuta meza, wanageuza viti vielekee mbele, wanainama kwa abiria, wanaondoka. Kilichomvutia mama zaidi ni wafanyakazi wa treni. Kila walipokagua kitu walikinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti: taa, mlango, saa. Ni utaratibu wa reli za Japani tangu enzi za treni za mvuke, kwa sababu jicho peke yake huzoea na kudanganya. Nilimweleza kwamba wauguzi wa huko nao hunyooshea kidole jina la mgonjwa na jina la dawa, wakitamka, kabla ya kumpa.

Tulikaa upande wa kulia, kiti cha E, kwa ajili ya mlima Fuji. Baada ya dakika 40 na kitu ukatokea, mweupe juu, hakuna wingu. Behewa zima liligeuza shingo. "Mita 3,776," mama alisema. "Kilimanjaro 5,895." Akarudi kwenye chakula chake cha boksi alichonunua stesheni: wali, samaki, yai na kachumbari yao ya chumvi. Ile kachumbari nilimwondolea nikapewa lile jicho la paredi.

Labda ndiyo maana nilisahau. Tulikuwa tunabishana kwa sauti ya chini, kwa kuwa ndani ya treni hizo hakuna anayepaza sauti, na simu hupokelewa nje ya behewa. Nilikuwa namweleza kuhusu chumvi. Kiharusi ndicho kilichoongoza kwa vifo Japani kuanzia 1951 hadi 1980, na chumvi ilikuwa mtuhumiwa mkuu. Wametumia miongo mingi kuipunguza na bado wanakula kama gramu 10 kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linataka chini ya 5. Nilikuwa bado nahubiri treni ilipoingia Kyoto. Inasimama dakika moja au mbili tu. Nilimshika mama mkono, nikachukua bakora, nikachukua koti, tukashuka. Milango ikafunga. Begi la bluu lilibaki juu ya kiti.

Nilihisi jasho mgongoni, na ilikuwa Novemba. Vidonge vyote vya mama vilikuwa vinaelekea Hakata, mwisho wa njia, kwenye kisiwa cha Kyushu.

Mama hakunigombeza. Aliketi kwenye benchi, akauliza, "Namba ya behewa unaikumbuka?" Nilikuwa nimepiga picha tiketi kabla ya kuanza safari. Ofisini mfanyakazi aliiangalia picha, akaandika namba ya treni, ya behewa na ya kiti, rangi ya begi na kilichomo. Jibu lilikuja jioni: begi limeonekana, lipo Hakata, wanaweza kulituma hotelini kwetu Hiroshima, mpokeaji analipia usafirishaji. Siku tatu.

Siku tatu bila dawa ya presha si jambo la kufanyia mzaha, hasa kwa mtu anayepanda vilima. Hapa ndipo ile barua ya daktari ilipofanya kazi. Mhudumu wa hoteli alituelekeza kwenye kliniki ya jirani. Daktari, mzee kuliko mama, alisoma jina la dawa, akatikisa kichwa kukubali. Ni dawa ya kawaida duniani kote, na kama barua ingekuwa na jina la kiwanda tu angehangaika kutafuta. Alimpima: 168 kwa 94. Akampima tena baada ya mapumziko: 156 kwa 90. Alitumia simu kutafsiri, akaandika dawa za siku nne, akaongeza sentensi moja ambayo simu ilituletea kwa Kiingereza kibovu: usile mchuzi wa tambi, kula tambi zenyewe. Tulilipa taslimu, tukatunza risiti kwa ajili ya bima ya safari.

Usiku ule mama aliviweka vidonge mezani. Akavinyooshea kidole, akavitaja kimoja kimoja kwa sauti. Kisha akaninyooshea mimi. "Na wewe," akasema, "usiku huu utalala. Umeshika kila kitu peke yako kama konda."

Kuanzia hapo dawa zilikaa nusu kwake, nusu kwangu, na ratiba ya kesho tuliipanga wawili.

Miji iliyozaliwa na ndui

Kyoto ilikuwa makao ya wafalme wa Japani kuanzia mwaka 794 hadi 1868. Ukishuka kwenye treni huwezi kuamini, kwa sababu stesheni yake ya mwaka 1997 ni pango la vioo na vyuma, na ngazi zake zinapanda hadi paani kama jukwaa la uwanja wa mpira. Mji wa kale upo kwenye kingo, chini ya vilima. Novemba majani ya miti huwa mekundu na watu huja kutoka kila pembe kuyaona, kwa hiyo mabasi hujaa hadi mlangoni. Shauri langu kwa mwenye mzazi: tumieni reli hata pale ramani inapopendekeza basi. Kituo cha Inari ni cha pili kutoka Kyoto kwa treni ya Nara, na ukitoka tu malango mekundu ya Fushimi Inari yako mbele yako, maelfu kwa maelfu, yakipanda mlima. Mama alipita kwenye mamia ya kwanza, akafika penye benchi, akasema mlima wenyewe haujamwalika. Nilipanda peke yangu dakika 20, nikarudi, nikamkuta anafundishwa na bibi mmoja namna ya kukunja bakora kwa mkono mmoja.

Nara ni dakika 45 kwa treni ya haraka. Ulikuwa mji mkuu kabla ya Kyoto, kuanzia 710 hadi 784. Watu huenda kuona paa zaidi ya elfu moja wanaozurura bustanini na kuinamisha vichwa ili wapewe biskuti. Ni kweli wanainama. Ni kweli pia kwamba wanakula ramani. Yetu ililiwa kona nzima.

Mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Ndani ya hekalu la Todaiji kuna sanamu ya Buddha ya shaba, urefu wake kama mita 15. Kati ya 735 na 737 ndui iliingia Japani na inakadiriwa kuua robo hadi theluthi ya watu. Iliua wakulima na iliua mawaziri. Ndugu wanne wa ukoo wa Fujiwara waliokuwa wakiendesha serikali walikufa wote ndani ya mwaka mmoja. Mashamba yakakosa watu. Mfalme Shomu akalisamehe taifa kodi, na mwaka 743 akaamuru sanamu ile ijengwe, kila mtu achangie hata kama ana jani moja la nyasi au konzi ya udongo. Ilizinduliwa 752. Kyoto nayo, tamasha lake kubwa la Gion la kila Julai chimbuko lake ni maombi ya mwaka 869 dhidi ya magonjwa ya mlipuko.

Nimeandika habari za milipuko tangu nianze kazi. Sijawahi kuona nchi yetu wala nyingine ikiacha alama ya ukubwa ule kwa ajili ya waliokufa kwa UVIKO-19. Nilisimama pale muda mrefu hadi mama akaja kunivuta mkono. Alikuwa ameona watoto wakipita kwenye tundu la nguzo lenye ukubwa wa tundu la pua ya sanamu na alitaka nijaribu. Sikupita mabegani.

Saa moja na dakika 40

Treni ya Kyoto hadi Hiroshima hutumia saa moja na dakika 40 hivi. Mama aliomba dirisha, akaanza kufundisha. Mwaka 1945 Kyoto ilikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki. Henry Stimson, Waziri wa Vita wa Marekani, alisimama kidete ikaondolewa. Alikuwa amewahi kuitembelea. "Miaka 34 nimewauliza wanafunzi," mama alisema, "kama Stimson angekuwa ametembelea Hiroshima, je?" Mahekalu tuliyoyapiga picha siku tatu zile yapo kwa sababu ya jibu la mtu mmoja.

Tulipita Kobe, ambako tetemeko la Januari 17, 1995 liliangusha madaraja ya reli hii saa 11 na dakika 46 alfajiri, kabla treni za kasi za siku hiyo hazijaanza kutembea. Himeji tuliona ngome nyeupe kwa mbali. Halafu Okayama. Hapo nilipata jambo la kumfundisha mwalimu. Tangu Tokyo alikuwa akiuliza ile mistari ya njano yenye vinundu, inayopita kwenye kila stesheni na kila njia ya waenda kwa miguu. Ni kwa ajili ya wasioona. Wanaifuata kwa mguu na fimbo. Ilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake, ikawekwa kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Mama alitazama stesheni ikipita. Miaka yake ya mwisho kazini alikuwa na mwanafunzi asiyeona ambaye kila siku alishikwa mkono kwenda darasani. Hakusema zaidi.

Hiroshima ni mji wa leo kabisa: mito, barabara pana, vijana na baiskeli. Nilitarajia huzuni stesheni. Nilikuta duka la mikate. Begi la bluu lilikuwa hotelini, limefungwa kwa nailoni, vidonge vyote ndani.

Kwenye makumbusho ya amani sitaelezea kila kitu. Agosti 6, 1945, saa 2 na robo asubuhi. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Kuna baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Kuna habari za Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili siku ya bomu, akawa mzima, akakimbia mbio shuleni, kisha saratani ya damu ikamkuta na kumuua Oktoba 1955 akiwa na miaka 12. Mama alipita taratibu akisoma kila maandishi ya Kiingereza, bakora ikigonga sakafu. Mara mbili nilimwambia tupumzike. Mara ya tatu hakunijibu, nikaelewa.

Mimi nilibaki na jambo moja la kazi yangu. Kuanzia 1947 Wamarekani, na baadaye taasisi ya pamoja ya nchi hizo mbili, wamefuatilia afya ya zaidi ya manusura 90,000. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu kiasi gani cha mionzi humdhuru binadamu, pamoja na viwango vinavyowalinda wahudumu wa eksirei katika hospitali zetu, imetoka kwao. Na manusura wengi walilalamika kwamba miaka ile ya mwanzo walipimwa, wakaandikwa, na hawakutibiwa. Kila ninapoona bango la utafiti kwenye korido ya hospitali, sasa nitauliza swali hilo.

Asubuhi ya mwisho mama aliniamsha saa 12. Alikuwa amesoma kwamba tramu mbili zilizokuwa mjini siku ya bomu, namba 651 na 652, zilitengenezwa na bado zinafanya kazi, na mara nyingi hutolewa asubuhi wakati abiria ni wengi. Alikuwa amesoma pia kwamba kwa kuwa wanaume walikuwa vitani, wasichana wa shule ya kampuni ya tramu, wenye miaka 14, 15, 16, ndio waliokuwa makonda na madereva. Na kwamba Agosti 9, siku tatu baada ya bomu, kipande kifupi cha reli kilianza kutembeza tramu tena, katikati ya majivu.

Tulisimama kituoni dakika 50. Baridi ilimshika goti, nikaona namna alivyobadilisha mguu, nikanyamaza. Zilipita tramu ndefu za kisasa, moja baada ya nyingine, na abiria wakatushangaa kwa nini hatupandi. Kisha ikaja fupi, ya zamani, ya kijani na krimu, inapiga kelele kwenye kona. 652.

Mama alipanda mwenyewe, bakora mbele. Mvulana wa sare ya shule alisimama kumpisha, naye, kwa mara ya kwanza katika siku tisa, alikubali kiti. Sakafu ni ya mbao. Aliishika nguzo ya shaba iliyong'aa kwa mikono ya watu, akatazama mbele alipokaa dereva.

"Kidato cha pili," alisema. "Walikuwa kidato cha pili."

Tulikwenda hadi mwisho wa njia na kurudi. Hakuna picha, simu alikuwa nayo mkononi na hakuitumia.

Jioni, kwenye treni ya kurudi Tokyo, mjomba alipiga WhatsApp. Mama alitoka nje ya behewa kama sheria inavyotaka, akasimama pale penye dirisha dogo la mlango. Kupitia kioo nilimwona akiongea, mkono mmoja kwenye bakora, mwingine ukiandika hewani kama kwenye ubao. Treni ilikuwa imepita Okayama alipoanza. Aliporudi kukaa tulikuwa tunaingia Osaka.

"Kaka amesemaje kuhusu uzio?" nikamuuliza.

"Hatukufika huko," alisema, akafungua begi la bluu, akanyooshea kidole vidonge vya usiku.